Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masharti ya Soko, Ajira na Mitambo Yetu

Ndugu wanachama,

Mambo ya utawala nayapita haraka, kwa kuwa katibu na mhazini wamekwisha kuyaeleza: hesabu zimekaguliwa, kamati zimekutana, na wanaodaiwa ada wanajijua. Muda uliobaki nautumia kwa suala lililotugawa mwaka mzima, yaani kulegezwa kwa masharti ya soko, zile amri za serikali juu ya bei, vibali na mikataba ya kazi.

Vikaoni zimesikika kauli mbili. Wapo wanaosema serikali ikiondoa mkono wake, kesho yake viwanda vitaanza kuajiri. Wapo wanaosema siku hiyo ndiyo tutakayofunga mageti. Kamati ya sera ilipitia yaliyowapata wengine, nami nimefikia msimamo huu: kinachotuletea ajira na mitambo kwa uhakika zaidi ni kulegezwa kwa masharti kule tunakonunua huduma, kuliko kule tunakouza bidhaa.

Chukueni usafirishaji wa Marekani. Hadi mwaka 1980 tume ya serikali ilikuwa na kauli juu ya nauli za mizigo, na juu ya nani abebe nini kwa njia ipi. Lori liliweza kupeleka mzigo kihalali na kurudi tupu kwa sababu tu halikuwa na kibali cha mzigo wa kurudi. Mwaka huo zikapitishwa sheria mbili, moja ya malori na nyingine ya reli, na katika miaka iliyofuata nauli halisi za reli zikashuka sana. Mwenye kiwanda anaielewa faida hiyo bila kufundishwa: malighafi ikifika kwa saa inayojulikana, hana haja ya kujaza ghala, na fedha iliyokuwa imelala pale inaweza kununua mashine. Tusifiche upande wa pili, kwamba mishahara ya madereva wa malori ilibanwa. Nafuu yetu ilitoka kwa sehemu mifukoni mwao.

India nayo ilifuta leseni za viwanda kwa sekta nyingi mwaka 1991. Kabla ya hapo, hata kupanua kiwanda kulihitaji ruhusa. Matokeo hayakulingana: majimbo ambayo sheria zake za kazi ziliegemea upande wa waajiri yalikua haraka kuliko mengine, ingawa leseni zilifutwa nchi nzima. Baadhi yenu mmelisoma hilo kama hoja ya kufuta ulinzi wa wafanyakazi. Mimi silisomi hivyo, na sababu yangu ni Hispania. Huko mikataba ya muda iliruhusiwa kwa upana mwaka 1984, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 takriban mfanyakazi mmoja kati ya watatu alikuwa chini ya mkataba wa aina hiyo. Kuajiri kulirahisishwa, na kuachisha kazi pia. Hali ilipokuwa mbaya, wa muda ndio waliotangulia kutoka. Nani atamfundisha fundi ambaye mwakani hatakuwepo?

Umeme unahitaji tahadhari ya peke yake. California ilifungua soko lake kwa sheria ya mwaka 1996, ikaachia bei ya jumla huku bei ya rejareja ikibaki imefungwa. Mwaka 2000 na 2001 bei ya jumla ilipaa na umeme ukakatwa kwa zamu. Moto huo ulifika hadi kaskazini-magharibi mwa Marekani, ambako viwanda vya aluminiamu vilizima mitambo yao, vingine vikiona kuna faida zaidi kuuza umeme wa mikataba yao ya bei nafuu kuliko kuyeyusha madini.

Sasa uwekezaji. Mtambo ukishafungwa kwa bolti juu ya zege, hautoki tena kwa bei uliyoununulia. Mara nyingi unaambulia bei ya chuma chakavu. Kwa hiyo anayehisi kwamba sheria iliyolegezwa leo itakazwa baada ya uchaguzi, hanunui. Anaongeza saa za ziada, anachukua vibarua, anasubiri. Ndiyo maana mageuzi ya nusunusu huonekana kwenye orodha ya vibarua muda mrefu kabla hayajaonekana kwenye karakana, kama yataonekana kabisa.

Kamati kuu inapendekeza tudai ratiba iliyotangazwa mapema, ianze na usafirishaji, mawasiliano na huduma za benki. Umeme ufuate baada ya kuwepo msimamizi mwenye meno. Kinga za bidhaa zetu wenyewe dhidi ya ushindani zipunguzwe kwa hatua. Najua hilo la mwisho limewaudhi wenzetu wenye viwanda vikubwa. Lakini hatuwezi kudai ushindani kwa wasafirishaji na tukaukataa kwetu.

Kabla ya kwenda wizarani tunahitaji takwimu zetu: idadi ya wafanyakazi wa kudumu, wa mkataba na vibarua, pamoja na mitambo mliyoahirisha kununua na sababu yake. Fomu ziko kwa katibu. Asiyejaza asije akalalamika kwamba chama hakikumsemea.