Siku za viza si tarehe za viza

Mhariri,

Watu wengi wa Mwanza wanaokwenda kutembea Ulaya hukwama kwenye mstari mmoja wa viza ya Schengen (viza moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya): idadi ya siku. Kibandiko cha viza kwenye pasipoti kikionyesha 1 Juni hadi 6 Julai, kisha siku 20, unazo siku 20 tu ndani ya tarehe hizo. Siku ya kuingia inahesabiwa, na ya kutoka pia. Aliyetua 1 Juni awe ameondoka 20 Juni, si 21.

Viza inayokuruhusu kuingia zaidi ya mara moja ina mtego wake: siku 90 ndani ya kila siku 180. Ukikaa 1 Machi hadi 29 Mei umezimaliza zote. Kuchepuka Uingereza, ambayo haimo Schengen, na kurudi hakuzifufui. Mlango unafunguka tena 28 Agosti, siku 180 baada ya 1 Machi.

Kabla ya kupanda basi Nyegezi kwenda Dar es Salaam kutoa alama za vidole, kagua pasipoti. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10, ibaki hai miezi 3 baada ya kuondoka Ulaya, na iwe na kurasa 2 tupu. Hapo ndipo safari nyingi hufia, nauli ikiwa imeshaliwa. Bima isipungue yuro 30,000, tena ifae nchi zote za Schengen, si ile unayokwenda pekee. Ombi lipelekwe walau siku 15 kabla ya safari, ingawa majibu yaweza kuchukua hata 45. Ada ni yuro 90, na ukinyimwa viza hairudi.

Wasaidizi wa maombi ya safari,
Kirumba, Mwanza