Wito wa harambee: nyumba tatu zizibwe kabla ya theluji

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kamati ya maendeleo ya kanisa letu hapa Buffalo inawaalika washirika wote, marafiki wa kwaya na ndugu zetu wa Rochester na Erie kwenye harambee ya Jumapili ya mwisho ya Septemba, mara tu baada ya ibada. Tunatafuta dola 15,000. Mkononi tunazo 4,200, sadaka ya Pasaka pamoja na mfuko wa akina mama. Zimebaki 10,800. Fedha hizi hazitanunua gesi wala hita. Zitatengeneza nyumba tatu za wenzetu ili mafundi wa serikali wakubali kuingia na kuziba bure matundu yanayopoteza joto.

Najua neno "bure" limeshawatia watu wengi hasara, kwa hiyo niruhusuni nieleze taratibu.

Jimbo la New York lina mpango uitwao EmPower+, na serikali kuu ina mpango wake wa nyumba za wenye kipato kidogo tangu mwaka 1976. Wengi wetu tuna sifa za kuingia. Fundi anakuja na feni kubwa, anaifunga kwenye mlango wa mbele, anavuta hewa ya ndani kuitoa nje, kisha anapita chumba kwa chumba akitafuta upepo unapoingilia. Weka mkono kwenye soketi ya ukutani wakati feni inazunguka, utausikia ubaridi kwenye vidole. Wakishapata matundu wanayaziba, halafu wanapulizia insuleshani, yaani kitu cha kuzuia joto lisitoke, darini na ndani ya kuta: mara nyingi selulozi, yaani karatasi za magazeti zilizosagwa na kutiwa dawa ya boroni zisishike moto haraka. Mwenye kipato cha chini halipi kitu.

Lakini kabla ya kupulizia chochote, wanakagua. Wakikuta paa linavuja, au nyaya za umeme ni za zamani, au bomba la moshi ni bovu, kazi inaahirishwa mpaka mwenye nyumba atengeneze. Fungu la kuziba lipo, fungu la matengenezo makubwa ni dogo mno. Ndiyo maana nyumba ambazo zingefaidika kuliko zote ndizo zinazorudishwa. Mwenye uwezo wa kubadilisha paa anapata insuleshani ya bure, asiye na uwezo anaambiwa asubiri. Mimi naliona hilo kuwa jambo la ajabu, lakini ndivyo utaratibu ulivyo, na kulalamika hakutaongeza joto sebuleni kwa mtu.

Nyumba ya kwanza ni ya mama yetu mjane ambaye hakuna msiba wala harusi ya kanisa hili iliyopikwa bila mkono wake. Paa lake linavuja juu ya jiko. Nilipanda na fundi darini kwake Februari. Tulikuta misumari inayotokeza chini ya mbao za paa imevaa barafu nyeupe kwenye ncha, safu kwa safu. Ule ni mvuke wa jikoni na bafuni, umepanda na joto kupitia matundu ya dari, ukagusa chuma baridi ukaganda. Jua likitoka unayeyuka na kudondoka juu ya dari kama mvua.

Nje ni hivyo hivyo. Zile barafu ndefu zinazoning'inia kwenye ukingo wa paa, ambazo watoto wetu wanapiga nazo picha kuwatumia ndugu wa Uvira na Bujumbura, mara nyingi ni dalili kwamba joto la nyumba linapotea. Joto likipenya darini linayeyusha theluji iliyo juu ya paa, maji yanateremka mpaka ukingoni ambako hakuna joto, yanaganda tena na kujenga ukuta. Maji yanayofuata yanakosa njia, yanarudi nyuma chini ya vigae. Kwa hiyo paa la mama linavuja kwa sababu dari haikuzibwa, na dari haizibwi kwa sababu paa linavuja! Mkandarasi ametupa bei ya dola 6,500 kwa upande huo wa jiko. Tukilipa hiyo, mafundi wa mpango wanaingia.

Nyumba ya pili ni ya familia yenye watoto wadogo, baba anafanya zamu ya usiku kiwandani. Ni nyumba ya mbao ya zamani sana, kama nyingi tulizonunua mitaa ya West Side na East Side, zilizojengwa kabla ya Vita Kuu ya Pili na nyingine kabla hata ya ile ya kwanza. Kuta zake ni tupu ndani. Katika nyumba nyingi za namna hii uwazi wa ukuta unatoka besimenti, chumba cha chini ya nyumba, moja kwa moja hadi darini bila kizuizi. Hewa ya moto inapanda na kutokea juu, na inapotoka inavuta ya baridi iingie chini. Ndiyo maana watoto wanacheza sakafuni na soksi mbili na bado wanalalamika, wakati mama yao akisimama anasikia joto kidogo usoni. Sisi tuliopita kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tunajua kukandika: ufa ukitokea ukutani hungoji mwezi uishe, unachanganya udongo jioni ileile. Hapa ufa upo, ila umefichwa nyuma ya rangi nzuri.

Kikwazo chao ni umeme. Darini kuna nyaya za zamani zilizoshikiliwa na vigingi vya kauri, kila waya ukipita peke yake hewani. Waya wa aina hiyo unategemea hewa iuzungukayo ili upoe. Ukiufunika kwa selulozi ya inchi 14 au zaidi, kama baridi ya huku inavyohitaji, joto lake linakosa pa kwenda na nyumba inaweza kushika moto. Fundi aliyekataa alifanya vyema kukataa. Kubadilisha nyaya za darini ni dola 5,800, na lazima kazi ifanywe na fundi mwenye leseni. Vijana wetu wenye ujuzi, tunawapenda, lakini hapa hapana.

Ya tatu ni ya mzee wetu wa kanisa na mama. Besimenti yao ina maji na kuvu, na bomba la moshi la hita ya maji limeliwa na kutu. Nyumba ikivuja upepo, moshi wa gesi unapata pa kutokea. Ukiiziba ikiwa na bomba kama hilo, umewafungia wazee ndani na kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Bomba jipya pamoja na kuelekeza maji ya mvua mbali na msingi ni dola 2,700.

Kulikuwa na nyumba ya nne. Darini kwake zimemwagwa punje za kijivu zinazong'aa, ile insuleshani ya zamani iitwayo vamikulaiti iliyouzwa Marekani kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ilitoka mgodi wa Libby, Montana, ambao madini yake yalichanganyika na asibesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Mgodi ulifungwa 1990 lakini punje bado zimelala kwenye dari za watu. Kuziondoa kunahitaji kampuni yenye kibali na gharama inatuzidi, tumeiacha kwa mwaka huu. Ukipanda darini kwako ukaziona, usizifagie, usiziguse, shuka ufunge mlango, halafu tupigie.

Kuna ndugu waliotuuliza kwa nini tusinunue hita za umeme, moja kwa kila chumba, tumalize mambo. Tulifanya hivyo miaka iliyopita na bili ziliwaumiza waliopewa. HEAP, msaada wa serikali wa kulipia joto, unapunguza makali ya bili, na kila mwenye sifa ajaze fomu mara dirisha likifunguliwa, lakini nao unalipia joto linalopitiliza darini kwenda angani. Tena kumbukeni dhoruba ya Desemba 2022. Zaidi ya watu 40 walifariki katika eneo letu, baadhi wakiwa ndani ya nyumba zisizo na joto. Umeme ulipokatika, hita zilizima, na hata fanesi ya gesi, ule mtambo wa kupasha nyumba nzima, haisukumi joto bila umeme. Nyumba iliyozibwa inalishika joto lake kwa saa nyingi, muda wa kutosha wa kufikiwa na jirani au zimamoto.

Na jambo hili tulisikie wote: oveni si kitu cha kupashia nyumba. Tumewahi kukuta mlango wa oveni umeachwa wazi, gesi inawaka, watoto wamelala kando yake. Kamati itagawa ving'ora vya kaboni monoksaidi siku ya harambee kwa nyumba ambayo haina, bila maswali.

Wapangaji wameuliza nafasi yao. Fedha za kanisa hazitatengeneza nyumba ya mwenye mali, tulikubaliana hivyo kwenye kikao. Lakini mpangaji naye anaweza kuomba EmPower+ kwa saini ya mwenye nyumba, na dada zetu wawili wanaojua Kiingereza cha fomu watakaa ukumbini kila Jumamosi asubuhi kusaidia. Njoo na bili ya gesi na uthibitisho wa kipato.

Siku yenyewe kutakuwa na mnada. Akina mama wa bustani wameahidi lengalenga na maboga, kwaya ya vijana itapika sombe (kisamvu) na wali, sambusa zitauzwa mlangoni. Anayetaka kutoa ahadi ya kulipa polepole achukue kadi kwa mhazini. Mwisho wa kulipa ni tarehe 20 Oktoba, kwa sababu waezekaji wa paa hawataki kazi ya kubandua vigae baada ya Novemba. Anayetuma fedha kwa simu kupitia Zelle ya benki aandike neno NYUMBA, vinginevyo itahesabiwa sadaka ya kawaida. Asiye na fedha tunamhitaji Jumamosi mbili za mwanzo za Oktoba: kubandika mpira kwenye fremu za milango, kuziba madirisha kwa plastiki na kubeba mizigo besimenti. Tumeomba ngazi mbili, tumepata moja.

Fedha hazitapita mkononi mwa mwenye nyumba wala mwanakamati. Mhazini atamlipa mkandarasi kwa hundi, nusu mwanzo na nusu baada ya mkaguzi wa mpango kurudi na kuipitisha nyumba. Risiti zitabandikwa ubaoni, na Jumapili ya kwanza ya Desemba hesabu itasomwa mbele ya kanisa pamoja na bili za gesi za nyumba zote tatu, za mwaka jana na za mwaka huu, kwa ruhusa ya wenyewe.

Katibu, kwa niaba ya kamati ya maendeleo