Risala ya Wazazi na Walimu wa Watoto Wenye ADHD kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, walimu, wazazi wenzetu, nanyi watoto wetu mliokaa mbele,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kukaa nasi. Kikundi chetu ni cha wazazi na walimu wanaoishi na watoto wenye ADHD, na leo tumekuja na jambo moja: saa ya mkononi inayopima mwili wa mtoto, na kompyuta inayofundishwa kuvisoma vipimo hivyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, ADHD si utundu wala malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo. Mtoto hushindwa kushikilia umakini, au kutuliza mwili, au kuzuia pupa, na wapo wenye yote kwa pamoja. Makadirio ya dunia yanakaribia mtoto 1 katika kila 20. Hakuna kipimo cha damu cha kuithibitisha. Kwa DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa kutambua matatizo ya akili, uliotoka mwaka 2013, daktari hutafuta dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya umri wa miaka 12, na zinazoonekana mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na shuleni. Sehemu kubwa ya taarifa hizo tunampa sisi, kwa kujaza fomu.

Hapo ndipo penye shida. Fomu inauliza kama mtoto huacha kiti chake mara nyingi. Mara nyingi ni mara ngapi? Mimi ninayesoma risala hii nina mtoto aliyekuwa akiandika huku amekalia mguu mmoja, mwingine unapiga chini bila kukoma, na kila kifutio chake kikaishia kuwa punje ndani ya mfuko. Shuleni aliandikwa mtukutu wa kupindukia. Mimi nikaandika hana tatizo lolote. Tulikuwa tunamtazama mtoto yule yule, na kati ya majibu yetu mawili alipoteza mwaka mzima bila msaada.

Saa hizi zina kihisi kidogo kinachonasa mwendo wa mkono katika pande tatu, mara nyingi kwa kila sekunde, na taa ya kijani inayomulika ngozi ili kufuatilia mapigo ya moyo kwa jinsi damu inavyopita. Hazichoki, na zinaendelea kuhesabu sisi tukiwa tumelala. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1983 Linda Porrino, Judith Rapoport na wenzao huko Marekani walichapisha utafiti ambao ndani yake wavulana 12 wenye hali hii na 12 wasio nayo walivaa kifaa cha kupima mwendo, usiku na mchana, kwa wiki nzima. Wale wenye hali hiyo walijongea zaidi hata siku za mapumziko, hata usingizini. Wazazi wenzangu, tulipousoma utafiti huo kwenye kikao kuna waliotokwa machozi. Mtoto aliyelala hamkaidi mtu.

Kilichoongezeka sasa ni kompyuta inayojifunza. Wiki moja ya mtoto mmoja huzaa mamilioni ya namba ambazo hakuna jicho la kuzipitia. Mashine huoneshwa rekodi za watoto ambao madaktari wameshawachunguza, ikatafuta yenyewe kinachowatofautisha. Mwishoni mwa mwaka 2024, jarida la kisayansi la Cell lilitoa kazi ya watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Yale, waliotumia data za saa za watoto walio katika utafiti wa ABCD, unaofuatilia ukuaji wa ubongo wa watoto wa Marekani. Sisi tungetarajia mwendo uwe ndio dalili kuu. Lakini kilichoisaidia zaidi mashine kuitambua ADHD kilikuwa mapigo ya moyo.

Tuna matumaini, Ndugu Mgeni Rasmi, lakini hesabu hii inatunyima usingizi. Tuseme mashine inapatia mara 9 katika 10, kwa mwenye hali na kwa asiye nayo. Tuwavalishe saa watoto 1,000. Wenye ADHD watakuwa kama 50, nayo itawatambua 45. Waliobaki 950 hawana, lakini itawanyooshea kidole 95. Basi katika watoto 140 watakaoitwa ofisini, 95 wameitwa bure. Na mashine hufuata majibu iliyofundishwa: kama madaktari waliwapita wasichana wanaokaa kimya mawazo yakiwa mbali, nayo itawapita.

Kwa hiyo tunaomba utusemee huko uliko na sauti. Saa impe daktari ushahidi zaidi, hukumu ibaki kwa daktari aliyekaa na mtoto akamsikiliza. Mashine ijaribiwe kwa watoto ambao haijapata kuwaona wakati wa kufundishwa, wa kike na wa kiume, wa rangi zote za ngozi, kabla haijaletwa madarasani. Data zisiuzwe, na zisitumike kumwadhibu mtoto kwa kuchezesha miguu. Mzazi aelezwe kwa lugha anayoielewa ndipo aridhie, na mtoto naye aulizwe.

Hilo la mwisho tunalisisitiza. Nilipomfungia mwanangu saa ya majaribio mkononi aliitazama ile taa ya kijani, kisha akauliza, "Itamwambia mwalimu?" Sikuwa na jibu la kumpa. Tunaomba liandikwe katika kanuni za kila utafiti utakaowahusu watoto hawa, ili mzazi anayefuata awe nalo.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.