Presha ya maji ya kichwani kuwa chini si sababu ya kumrudisha mgonjwa nyumbani

Mhariri,

Mimi ni muuguzi mstaafu hapa Tabora. Naomba nafasi nizungumzie ugonjwa wa maji kujaa kichwani, ambao wengi wetu tunaujua kwa watoto wenye vichwa vikubwa, ilhali huwapata hata watu wazima, na pengine presha ya maji hayo ikipimwa hukutwa ni ya kawaida, au iko chini kabisa.

Hali ya presha ya kawaida ilielezwa mwaka 1965 na Dkt. Salomón Hakim wa Colombia na wenzake. Mgonjwa, aghalabu mzee, huburuta nyayo kana kwamba zimegandia sakafuni, hushindwa kuzuia mkojo na kumbukumbu humpotea. Kwetu hilo huitwa uzee, na yakaisha. Daktari akiwa na shaka, hupiga picha ya CT inayoonyesha ndani ya kichwa, kisha hutoa mililita 30 hadi 50 za maji kwa sindano ya mgongoni. Mwendo ukitengemaa, mrija wa kupeleka maji tumboni huenda ukamfaa.

Ngumu zaidi ni presha ya chini, ambayo mara nyingi humpata aliyekwisha kuwekewa mrija. Vyumba vya maji ndani ya ubongo hutanuka na mgonjwa huzidi kusinzia, lakini mrija ukikaguliwa haujaziba. Nimeona familia ikiambiwa mrija ni mzima, mpelekeni nyumbani. Kumbe wapasuaji wa ubongo huyatoa maji nje kwa mrija wa muda, na chombo cha kuyapokea hukishusha taratibu chini ya usawa wa sikio, mpaka vyumba vipungue na mgonjwa azinduke. Ndipo hukipandisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa, kisha huweka mrija wa kudumu wenye vali inayofunguka kwa presha ndogo. Huo si mchezo: maji yakitoka kwa kasi, damu huweza kuvuja juu ya ubongo, na mrija uliotokeza nje ya kichwa ni mlango wa vijidudu.

Upasuaji huo hufanyika katika hospitali kubwa kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, na kutoka huku ni safari ndefu. Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe kwa kutazama hali ya mgonjwa na picha mpya ikilinganishwa na ya zamani, wala isisubiri presha ipande. Nasi ndugu tuzitunze picha hizo zikiwa zimenyooka ndani ya bahasha, kwani bila ile ya zamani daktari hawezi kujua vyumba vimetanuka kiasi gani.

Muuguzi mstaafu,
Tabora