Khamis na Hamisi ni mtu mmoja? Jinsi tunavyosafisha orodha za wateja

Karani wa SACCOS anamtafuta Yusufu Ramadhani kwenye kompyuta, hampati, anamfungulia akaunti mpya. Kumbe mwanachama yumo siku nyingi kwa jina la Yusuph Ramadhan. Sasa akiba iko kwenye namba moja, mkopo kwenye nyingine, na hesabu za mwisho wa mwezi zinagoma kulingana. Kazi za namna hii ndizo tunazoletewa zaidi, na wengi huja wakiamini ipo programu ya kubonyeza mara moja ikamaliza kila kitu. Haipo, na mteja anastahili kujua sababu kabla hajatoa fedha yake.

Njia kongwe ya kuifanya kompyuta ifuate mlio wa jina badala ya herufi zake ni Soundex, ambayo Mmarekani Robert Russell aliipatia hataza mwaka 1918. Hubakiza herufi ya kwanza, hutupa irabu zinazofuata pamoja na h, w na y, kisha konsonanti zenye mlio wa karibu huzipa tarakimu moja: b, f, p na v ni 1, d na t ni 3, m na n ni 5, na kadhalika. Yusuf, Yusufu, Yussuf na Yusuph wote wanaangukia Y210: s ni 2, f au p ni 1, na sifuri hujaza nafasi ya tatu iliyobaki. Safi kabisa.

Lakini Russell alitunga kanuni zake kwa majina ya kwao. Khadija anapata K320 na Hadija H320, kwa kuwa herufi ya kwanza haiguswi. Kulwa ni K400, Kurwa ni K600. Wakati huohuo Mohamed na Mahmoud wanapewa M530 wote wawili, na Hamisi anawekwa kapu moja na Hamza, H520. Inawatenganisha walio wamoja na kuwaunganisha wasiojuana.

Njia ya pili ni ya Mrusi Vladimir Levenshtein, ya mwaka 1965. Yeye alihesabu ni herufi ngapi za kuongeza, kuondoa au kubadilisha ili neno moja liwe jingine. Kutoka Khadija hadi Hadija ni hatua moja, Kulwa hadi Kurwa moja. Shida ni kwamba Salma hadi Salima nayo ni moja, na hao ni watu wawili.

Kwa hiyo, kabla ya kuhesabu chochote, tunayapitisha majina kwenye kanuni za matamshi yetu. Kh inakuwa h, ph inakuwa f, dh inakuwa z, herufi pacha inabaki moja, na i au u ya mwisho inaondolewa kwenye majina marefu. Khamis wa Unguja na Hamisi wa Tabora wanakutana hapo. Ramadhani anakutana na Ramazani, kama wanavyoandika ndugu zetu wengi wa Kongo. Tofauti ya r na l, kama kwa Kulwa na Kurwa, tunaichukulia kama dalili tu ya jina moja, haitoshi peke yake. Yapo pia majina ambayo hakuna hesabu itakayoyakutanisha, kama Bakari na Abubakar, au Athumani na Othman. Hayo tunayaorodhesha kwa mkono.

Hata baada ya hapo hatuunganishi kumbukumbu wenyewe. Fikiria kliniki yenye kadi za Hassan na Hussein. Soundex inawapa wote H250. Jina la baba ni moja, tarehe ya kuzaliwa ni moja, namba ya simu ni ya mama yao. Kwa vipimo hivyo kompyuta itasema ni mtoto mmoja aliyeandikishwa mara mbili, ilhali mhudumu wa mapokezi anajua ni mapacha. Zikiunganishwa kadi zile, mmoja ataonekana amechanjwa chanjo ambayo hakuipata. Kwa sababu hiyo tunakupa jozi zinazotiliwa shaka, kila moja na sababu yake pembeni, na anayeamua ni mtu wa ofisini kwako anayewafahamu wateja. Namba ya zamani haifutwi. Inabaki ikielekeza kwenye mpya, ili kosa likigundulika lirekebishike.

Majina na namba za simu ni taarifa binafsi, na Tanzania ina sheria ya kuzilinda tangu 2022, Kenya tangu 2019. Kazi tunaifanya kwenye kompyuta yako, hatuondoki na nakala.

Ukitaka tuanze, andaa orodha nzima yenye majina yote matatu kila moja kwenye safu yake, simu, na tarehe ya kujiunga. Wale walioandikwa "Mama Asha" waache hivyohivyo. Na tafadhali usianze kurekebisha tahajia mwenyewe: namna jina lilivyoandikwa siku ya kwanza mara nyingi ndiyo inayotuonyesha nani aliliandika, na akaunti ya pili ilizaliwa wapi.