Zamu ya Belinda kaishika nani?

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako nimjibu msomaji aliyeandika wiki iliyopita kuhusu sehemu ya kwanza ya msimu wa 2025 wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza juu ya msafiri wa angani aitwaye Daktari, ile iliyooneshwa huko tarehe 12 Aprili 2025. Alisema mambo mawili. Kwanza, hadithi za maroboti na vyombo vya angani ni za Wazungu, sisi watu wa visiwani hazituhusu. Pili, mwanamke aliyepata bahati ya kufikishwa kwenye nyota, akaishia kudai arudishwe kwao kwa sababu ana zamu hospitali, ni mhusika aliyeandikwa vibaya.

La kwanza silikawizi. Tamthilia hiyo ilianza BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku 50 kabla ya Mapinduzi yetu ya Zanzibar, nami nimezaliwa mwaka huohuo. Tulipokuwa watoto mtaa wa Ng'ambo, Unguja, tulikaa mkekani kutazama televisheni ya rangi miaka ya 1970, wenzetu wa Bara wakasubiri mpaka 1994 kupata televisheni ya aina yoyote. Sehemu kadhaa za zamani ambazo BBC wenyewe walizifuta zilikuja kuonekana Jos, Nigeria, mwaka 2013 ikatangazwa kuwa zimepatikana. Na huyo aliyeigiza Daktari msimu huo, Ncuti Gatwa, kazaliwa Kigali. Basi nani kamwambia msomaji mwenzangu kwamba haituhusu?

La pili ndilo lililonishikisha kalamu, maana nimekuwa muuguzi miaka 34.

Binti yangu anayekaa London alikuja mapumziko na kompyuta yake. Tukaitazama sebuleni hapa Wete, mvua ya masika ikipiga bati hata ikabidi tuongeze sauti, yeye akitutafsiria mimi na wajukuu. Jina la sehemu hiyo ni The Robot Revolution. Aliposema “mapinduzi ya maroboti” mzee mmoja aliyekuja kutusabahi alikaa sawasawa kitini, akidhani ni taarifa ya habari.

Kisa chenyewe: msichana anaitwa Belinda Chandra. Mchumba wake Alan alimpa zawadi ya cheti chenye kuonesha kwamba nyota fulani imepewa jina lake. Miaka 17 baadaye wameshaachana zamani, yeye ni muuguzi, na maroboti makubwa yanamjia usiku yamchukue kwenye sayari inayoizunguka nyota hiyo, wakamtawaze malkia. Watu kweli huuziwa vyeti vya namna hiyo. Jina la nyota linalotambuliwa na wataalamu hupitishwa na Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia peke yake, cheti cha kununua ni karatasi ya kutundika ukutani. Manahodha wetu walisafiri kwa nyota za Kilimia na Suheli bila ya kumlipa mtu. Nilicheka, lakini nikaona mwandishi Russell T Davies anakokwenda: Alan hakumpa Belinda kitu, alimwandikia jina juu ya kitu asichokimiliki, kisha akaona na Belinda mwenyewe ni wake. Yule mtawala wa sayari ambaye maroboti yanamtii, anayedhaniwa kuwa akili bandia, anageuka kuwa Alan huyohuyo, amekwishaunganishwa na mashine. Mchezo mzima upo kwenye herufi mbili zinazofanana kwa macho, AI, yaani akili bandia kwa Kiingereza, na Al, kifupi cha Alan.

Wajukuu walipenda zaidi jambo jengine. Maroboti hayo yana kasoro: kila neno la tisa hayalisikii. Kwa hivyo watu wanapanga maneno yao ili ujumbe wa siri uangukie kwenye la tisa. Nikawaambia sisi tulikuwa na kinyume, yaani kugeuza silabi za neno, nyumba tukiita mbanyu, tukasemezana mbele ya mama na asijue tunapanga kwenda wapi. Askofu Steere, mmisionari wa Kiingereza, alikwishakiandika kinyume cha Unguja karne ya 19. Tangu siku hiyo nyumba hii haina amani, kila mtoto anahesabu maneno kwa vidole.

Sasa turudi kwa muuguzi. Daktari anamwokoa Belinda, na ndani ya chombo chake, bila ya kumuuliza, anampima vinasaba. Belinda anamkemea. Anamwambia hakumpa ruhusa, na kwamba yeye si safari nyengine ya kumfurahisha mtu. Hapo nilimwambia binti yangu airudishe nyuma nione tena. Kitu cha kwanza nilichofundishwa, kabla ya sindano, ni kumuuliza mgonjwa. Hata mtoto unamwambia nataka kukugusa hapa. Nimefanya kazi na madaktari wazuri sana, lakini wapo waliofunua shuka kama wanafunua sufuria, na mimi nikisimama pembeni na faili nikaona uso wa mgonjwa unavyobadilika. Daktari wa kwenye televisheni, mwenye umri wa karne nyingi na nyoyo mbili, kafanya kosa lilelile la wodini, na muuguzi kamuona. Msomaji mwenzangu huenda akaiita hiyo dharau. Mimi naona mwandishi kafananisha wanaume wawili makusudi: mmoja katili na mmoja mwema, wote hawakuuliza.

Sikuridhika na kila kitu. Yule msichana mpiganaji, Sasha 55, aliyekaa na Daktari miezi sita pale sayarini, aliuawa haraka mno, hata chozi halikupata nafasi. Na Alan alivyomalizwa mwisho ni mzaha wa kitoto, niliwafunika wajukuu macho.

Lakini zamu! Msomaji anauliza vipi mtu azione nyota halafu awaze kazi. Ndugu yangu, zamu ya asubuhi ina mtu anayeingoja: muuguzi aliyekesha, miguu imemvimba, anatazama mlango, na hawezi kuondoka mpaka amkabidhi mwenzake wagonjwa mmoja mmoja kwa jina na kwa dripu. Nimewahi kukaa wodini mpaka adhuhuri kwa sababu aliyekuwa anipokee alikwama na bahari. Alipofika tulilia sote wawili. Belinda anapodai arudishwe tarehe 24 Mei, na chombo cha Daktari kila kikijaribu kinagota hakiingii, wajukuu walihuzunika kwa ajili yake. Mimi nilikuwa namuwaza yule aliyebaki wodini.

Hakuna aliyetuambia nani kamshikia zamu. Sehemu ya pili binti yangu ameahidi kuniletea, nitatazama kwa hilo kwanza.

Muuguzi mstaafu,
Wete, Pemba