Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kavakinyo, Ukulele na Madaraja Yaliyong'oka

Ndugu wanachama,

Nianze na madaraja, yaani vipande vya mbao vilivyogundishwa juu ya ubao wa mbele wa chombo kushikilia nyuzi, maana ndiyo yaliyotugharimu fedha. Ukulele za chama zilizoazimwa zimerudi zikiwa zimefungwa nyuzi za chuma za kavakinyo, eti vyombo hivi viwili, vyote mfano wa gitaa dogo la nyuzi nne, ni ndugu. Ni ndugu kweli, na urefu wa uzi unakaribiana, sentimita 34 hivi. Lakini ukulele imeundwa kubeba nailoni. Chuma huvuta kwa nguvu zaidi: ubao wa mbele hutuna nyuma ya daraja, gundi huachia ukingoni, kisha daraja hung'oka, pengine na vipande vya ubao. Ipitishe karatasi ukingoni mwa daraja. Ikipenya, legeza nyuzi siku hiyohiyo.

Undugu wenyewe uko hivi. Kavakinyo ni ya Minho, kaskazini mwa Ureno. Kisiwani Madeira ndugu yake huitwa mashete. Agosti 1879 meli ya Ravenscrag iliwafikisha Honolulu, Hawaii, Wamadeira waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, wakiwamo maseremala Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Baadaye walifungua karakana mjini, wakatumia mbao za koa, mti wa hukohuko. Umbo walilitoa kwenye mashete, sauti za nyuzi wakaziazima kwa rajau, chombo kingine cha Madeira chenye nyuzi tano, ambazo noti zake ni re-sol-do-mi-la. Toa ile re, inabaki sol-do-mi-la, ndiyo ukulele. Kwa hiyo anayehamisha mpangilio wa vidole wa kavakinyo (re-sol-si-re) kwenda kwenye ukulele hapati kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) aliyoitaka, na kosa si la mwalimu.

Brazili, kwenye mitindo ya muziki ya choro na samba, kavakinyo imebaki na re-sol-si-re. Wapiga gitaa wetu hupenda kuupandisha uzi wa mwisho hadi mi ili wasijifunze upya. Ndio uzi mwembamba kuliko wote na tayari umekazwa sana. Ukiongezwa toni nzima hukatika, na karibu kila mara wakati wa mazoezi. Mimi nauona ni uvivu, ingawa hata Brazili wapo wanaofanya hivyo.

Morna, muziki wa Cabo Verde, iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2019, tutaipa muda mwakani. Humo kavakinyo hushika mdundo, kwa hiyo mkono wa kulia, unaopiga nyuzi, utafundishwa kwanza.

Kuanzia sasa kila chombo kitakuwa na kibandiko ndani ya tundu la sauti: NAILONI au CHUMA. Atakayekipuuza atalipia gundi na fundi.